Je, njano ni rangi ya furaha kwa Mkristo?

Swali: Bwana Yesu asifiwe. Nafundisha watoto shule ya Jumapili. Tunatayarisha bango la Pasaka, nami nimenunua kitambaa cha njano kwa sababu nimesikia mara nyingi kwamba katika Ukristo njano ni rangi ya furaha. Mzee mmoja wa kanisa amenizuia. Anasema njano ni rangi ya Yuda msaliti, tena haimo katika rangi za kanisa. Nani kati yetu yuko sahihi? Na kama kweli ni rangi ya furaha, imeandikwa wapi?

Jibu: Amina, mwalimu. Nianze na swali lako la mwisho maana ndilo zito: haijaandikwa popote. Utaipekua Biblia toka Mwanzo hadi Ufunuo usikute aya inayosema njano ni furaha. Mzee wako naye ana ukweli mkononi, ila ameushika upande mmoja. Ninavyoona mimi, baada ya miaka mingi ya kusoma na kufundisha sanaa ya kanisa, njano ya Mkristo hufurahisha pale inaposimama badala ya nuru. Ikitengwa na nuru, imewahi kuwa rangi ya ugonjwa, ya fedheha, na hata ya ukatili uliofanywa na Wakristo wenyewe. Kwa hiyo usikirudishe kitambaa chako dukani. Soma kwanza.

Tuanze na Maandiko. Rangi hii inapotajwa waziwazi, haipo kwenye shangwe. Ipo kwenye Walawi 13, kuhani anapomkagua mtu mwenye pwaya, yaani ugonjwa wa ngozi, kichwani au kidevuni: akikuta nywele nyembamba za manjano ndani ya kidonda, mtu yule ni najisi. Kuna neno jingine la Kiebrania, yeraqraq, linaloelea kati ya njano na kijani. Katika Zaburi 68:13 linaipamba dhahabu iliyo kwenye manyoya ya njiwa, picha nzuri kabisa. Lakini neno hilohilo katika Walawi 13:49 ni rangi ya doa la ukungu kwenye vazi. Kigiriki nacho kina chloros: katika Marko 6:39 ni majani mabichi ambayo watu waliketishwa juu yake kabla ya kulishwa mikate, na katika Ufunuo 6:8 ni farasi aliyepandwa na Mauti, yule ambaye Biblia yetu ya Kiswahili imempa rangi ya kijivujivu. Watu wa kale hawakuzigawa rangi kama tunavyozigawa leo. Waliangalia zaidi kama kitu kinang'aa au kimefifia, kina uhai au kinanyauka.

Sisi wenyewe hatuko mbali nao. Manjano, kabla haijawa rangi, ni bizari. Tuliichukua rangi kutoka kwenye kitu kilichoibeba. Hivyo ndivyo Biblia inavyofanya: inataja kitu, na rangi inakuja nacho. Ezekieli alipofunguliwa mbingu aliona katikati ya moto kitu kama rangi ya kaharabu, ule utomvu mkavu wa manjano. Yohana aliona mji wa dhahabu safi mfano wa kioo safi, na miongoni mwa mawe ya misingi yake imo yakuti ya manjano. Hakuna anayesema "niliona njano". Wanasema moto, kaharabu, dhahabu, jua.

Na ukifuata vitu hivyo ndipo unapoikuta furaha unayoitafuta. Zaburi 97:11: "Nuru imemzukia mwenye haki, na furaha wanyofu wa moyo." Mwimbaji ameziweka nuru na furaha bega kwa bega kana kwamba ni kitu kimoja kilichotamkwa mara mbili. Katika Esta 8, Mordekai anatoka mbele ya mfalme akiwa na taji kubwa la dhahabu, mji unapiga kelele kwa shangwe, na mstari unaofuata unasema Wayahudi wakawa na nuru na furaha. Malaki analiita lile tumaini la mwisho "jua la haki". Zaburi ya 30 inasema kilio huja kukaa usiku, lakini asubuhi huwa furaha. Asubuhi ina rangi gani? Hapo kitambaa chako kimeanza kupata hoja.

Hata hivyo, kama ungenilazimisha nitaje rangi moja ya furaha katika Biblia, ningekwambia nyeupe. Mhubiri 9 inasema ule chakula chako kwa furaha, kisha papo hapo: mavazi yako na yawe meupe siku zote. Malaika kaburini wamevaa meupe. Umati wa Ufunuo 7 umevaa meupe. Na kumbuka dhahabu pia imewahi kudanganya. Siku ya ndama ya dhahabu kulikuwa na kula, kunywa na kucheza, na Musa alisikia sauti za nyimbo kabla hajafika kambini. Ile ilikuwa furaha, tena ya njano inayometameta, na ilikuwa uongo mtupu.

Sasa tuingie kanisani. Wakristo wa karne za kwanza walipoanza kupamba kuta walikutana na tatizo la kiufundi: nuru unaichoraje? Jibu lao lilikuwa dhahabu. Katika kanisa la San Vitale mjini Ravenna, Italia, lililowekwa wakfu mwaka 547, ukuta wa altare umejaa vipande vidogo vya kioo. Vile vya dhahabu vimetengenezwa kwa kulaza karatasi ya dhahabu juu ya kioo na kuifunika kwa ngozi nyembamba ya kioo kingine. Mafundi wa aina hii ya kazi hawakuvipanga vikalala sawasawa. Vingine waliviinamisha kidogo, ili mwali wa taa ukipita, ukuta uonekane unapumua.

Niliwahi kusimama nyuma ya fundi wa ikoni, zile picha takatifu zinazochorwa juu ya ubao, akipaka dhahabu, na tangu siku ile sijaiangalia njano kwa macho yaleyale. Ubao ulikwisha pakwa tabaka nyingi nyeupe za chokaa na gundi, zikasuguliwa hadi zikawa laini kama yai. Mahali pa dhahabu palikuwa pamepakwa udongo mwekundu uliosagwa. Karatasi ya dhahabu ni nyepesi mno, huwezi kuishika kwa vidole, itavunjika au itakung'ang'ania. Fundi alipitisha brashi pana shavuni mwake ili ipate mafuta kidogo ya ngozi, akainyanyua dhahabu kwa brashi ile, kisha akainama akaupulizia udongo pumzi ya moto kutoka kooni. Udongo ulipopata unyevu ule, dhahabu iliruka yenyewe ikajilaza. Baadaye akaisugua kwa jiwe la akiki, nayo ikageuka kutoka njano iliyofifia kuwa kitu kisicho na rangi tena, kitu kinachorudisha nuru ya dirisha usoni mwako. Ndiyo maana wachora ikoni wengi hawaihesabu dhahabu kuwa rangi. Wanaiita nuru. Tazama ikoni yoyote nzuri: watakatifu hawaangushi kivuli, kwa kuwa nuru haitoki upande mmoja, imewazunguka.

Na pale dhahabu ilipokosekana, njano ilishika nafasi yake. Kitabu cha Kells, Injili nne zilizopambwa na watawa wapata mwaka 800, hakina dhahabu hata chembe. Njano yake inayowaka ni madini yenye arseniki ambayo Warumi waliyaita auripigmentum, yaani rangi ya dhahabu. Ni sumu. Mtawa aliyetaka ukurasa ung'ae alichovya brashi kwenye sumu hiyo, na kurasa zile zinang'aa hadi leo. Baadaye, mwanzoni mwa karne ya 14, mafundi wa madirisha ya vioo waligundua kwamba mchanganyiko wenye fedha ukipakwa nyuma ya kioo na kuchomwa tanuruni huacha njano safi, kuanzia ile ya limau hadi ile ya machungwa. Dirisha la zamani zaidi la namna hiyo lenye tarehe ni la mwaka 1313, katika kanisa la kijiji cha Le Mesnil-Villeman huko Ufaransa. Kabla ya hapo, ukitaka taji la njano kichwani mwa mtakatifu ulikata kipande kingine cha kioo na kukiunga kwa madini ya risasi. Sasa uso, nywele, taji na duara la utakatifu vikakaa kwenye kipande kimoja, na jua likapita ndani yake bila mkato.

Hiyo ndiyo njano yenye furaha. Sasa nimgeukie mzee wako, maana hoja yake si ya kupuuza.

Yuda wa njano yupo kweli. Mchoro unaojulikana zaidi ni ule wa Giotto, mchoraji wa Italia, katika kapela ya Scrovegni mjini Padua, uliochorwa wapata mwaka 1305. Yuda anambusu Yesu, na joho lake pana la njano limemfunika Bwana karibu mwili mzima, kama bawa la ndege mkubwa. Katikati ya mikuki, mienge na makelele, jicho linakwama kwenye njano ile. Wachoraji wengi wa Ulaya walifuata njia hiyo, hata njano ikawa alama ya msaliti na mwongo. Lakini mwulize mzee swali moja: Petro huvaa nini? Kwa karne nyingi, katika michoro ya Magharibi, Petro huvaa joho la njano juu ya kanzu ya buluu. Yusufu mume wa Mariamu naye mara nyingi amevikwa njano. Ikiwa rangi inamhukumu Yuda, basi imewahukumu na hawa.

Lililo baya zaidi halimo kwenye michoro. Mwaka 1215 Mtaguso wa nne wa Laterano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, uliagiza Wayahudi na Waislamu walioishi kati ya Wakristo watambulike kwa mavazi. Mtaguso haukutaja rangi. Watawala ndio walioichagua, na mara nyingi waliichagua njano. Mfalme Louis IX wa Ufaransa aliagiza mwaka 1269 Wayahudi washone duara la njano kwenye nguo zao. Edward I wa Uingereza alifuata mwaka 1275 kwa kiraka cha njano. Huko Hispania, Baraza la Uchunguzi wa Imani, mahakama iliyowasaka wazushi, liliwavika waliohukumiwa shati la njano lenye msalaba na kuwatembeza hadharani. Na Wanazi walipowalazimisha Wayahudi wa Ujerumani kuvaa nyota ya njano mnamo Septemba 1941, hawakubuni kitu kipya; waliokota kilichoachwa njiani na falme za Kikristo. Sisemi haya ili uogope kitambaa chako. Nasema kwa sababu mtu anayefundisha watoto kwamba njano ni furaha ya Kikristo anapaswa kujua kuna waliovikwa njano hiyo wakilia, tena kwa mkono wetu. Naomba jambo moja tu: mkichora Yuda pamoja na watoto, msimvike njano. Mila hiyo inafaa kufia kwetu.

Kuhusu rangi za kanisa, mzee yuko karibu sana na ukweli. Kabla hajawa Papa, mwishoni mwa karne ya 12, Innocent III aliandika juu ya rangi za mavazi ya Misa na kutaja nne kuu: nyeupe, nyekundu, nyeusi na kijani. Njano ya zafarani aliiweka chini ya kijani kama ndugu yake mdogo, akaongeza kwamba wapo wanaoitumia kwa sikukuu za waungama imani, yaani watakatifu ambao hawakuuawa kwa ajili ya imani. Misale, yaani kitabu cha sala za Misa, ya mwaka 1570 ikathibitisha rangi tano bila njano, na katika karne ya 19 Roma ilikataza waziwazi mavazi ya njano, huku kitambaa cha dhahabu halisi kikiruhusiwa kushika nafasi ya nyeupe, nyekundu au kijani. Ona tofauti waliyoiweka: dhahabu ndiyo, njano hapana.

Kwa Wakatoliki hadi leo rangi ya Pasaka na Noeli ni nyeupe, na kwa sikukuu kubwa huruhusiwa mavazi ya thamani zaidi, ambayo mara nyingi huwa ya dhahabu. Rangi inayobeba jina la furaha ni waridi: huvaliwa Jumapili ya tatu ya Majilio na ya nne ya Kwaresima, zile Jumapili mbili ambazo nyimbo zake za mwanzo zinaamuru "Furahini". Furaha katikati ya kungoja na kufunga. Napenda sana kwamba kanisa liliiwekea rangi yake. Wakiorthodoksi wa mapokeo ya Kirusi wao wanayo njano, au dhahabu, kwa Jumapili za kawaida na sikukuu za manabii na mitume. Baadhi ya Walutheri hutumia dhahabu siku ya Pasaka. Makanisa mengine ya Kiprotestanti hayana kanuni yoyote ya rangi, na kama lenu ni mojawapo, mzee hana sheria ya kukuzuia. Bendera ya Vatikani ni njano na nyeupe, lakini ile ni dhahabu na fedha za funguo za Petro. Papa Pius VII alizichagua rangi hizo mwaka 1808 ili askari wake watofautiane na wale wa Napoleon. Wengine huitaja bendera hiyo kama ushahidi wa furaha. Haihusiki.

Basi ule usemi kwamba njano ni furaha umetoka wapi? Kwa sehemu kubwa umetoka nje ya kanisa, kwenye jua ambalo kila mtu analiona. Watafiti waliwauliza watu 6,625 wa nchi 55 kuhusu hisia zao juu ya njano, na matokeo yalitoka mwaka 2019: waliihusisha na furaha zaidi wale wanaoishi mbali na ikweta na kwenye mvua nyingi. Anayelikosa jua ndiye anayeifurahia rangi yake. Nilipoyasoma hayo niliikumbuka Zaburi 30 mara moja. Asubuhi ni furaha kwa aliyekesha na kilio.

Kuna mchoro mmoja unaosema jambo hili kuliko maneno yangu yote, na kama unaweza kuwaonyesha watoto picha yake, fanya hivyo. Ni madhabahu ya Isenheim, kazi ya Matthias Grünewald ya kati ya mwaka 1512 na 1516, ambayo sasa iko mjini Colmar, Ufaransa. Iliwekwa katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Antoni waliowauguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Antoni. Ulitokana na kuvu ya nafaka. Uliunguza viungo, ukatia ngozi vidonda, na wengine walikatwa mikono na miguu. Milango ya madhabahu ikiwa imefungwa, wagonjwa waliona Kristo msalabani: ngozi yake imejaa vidonda, vidole vimekunjamana, midomo imegeuka rangi. Walimwona mgonjwa mwenzao. Siku za sikukuu milango ilifunguliwa, na upande wa kulia akatokea Kristo mfufuka, amenyanyuka juu ya kaburi katika duara kubwa la nuru. Angalia sanda yake inavyobadilika: chini kaburini ni nyeupe yenye ubaridi wa buluu, ikipanda inashika wekundu, na mabegani imekuwa njano. Uso wake hauna mstari unaoutenga na duara lile; nywele na mashavu vimeyeyukia kwenye njano. Ngozi ni safi. Vidonda vya misumari vimebaki, navyo vinang'aa.

Fikiria umelala pale ukiwa na mguu mmoja. Walawi 13 ilikuwa imeiandika njano kwenye ngozi ya mgonjwa kama hukumu. Hapa njano inatoka kwenye ngozi ya aliyepona. Sijui mahubiri mengine ya Pasaka yaliyo wazi kiasi hicho, na hayana neno hata moja.

Kwa hiyo, mwalimu, shona bango lako. Lakini usitandaze njano tupu kutoka kona hadi kona na kuandika "FURAHA" juu yake. Hapo hutakuwa umesema zaidi ya kile kiuso cha njano kinachotabasamu kwenye ujumbe wa simu. Weka nyeupe katikati, mahali pa kaburi wazi au pa Kristo, kisha njano itoke hapo ikienda pembeni, ili mtoto aone ina chanzo. Chagua njano yenye joto, inayoelekea machungwa. Ile inayoelekea kijani hufanya nyuso zionekane za kuugua, na macho yetu bado yanasoma hivyo kama walivyosoma wa kale. Usiandike maneno ya njano juu ya nyeupe, hayatasomeka kutoka viti vya nyuma. Usiizungushie nyeusi nene, litafanana na onyo la hatari barabarani. Kama kanisa lenu lilikuwa na zambarau wakati wa Kwaresima, bakiza ukanda wake chini kabisa ya bango. Njano na zambarau zikikaribiana kila moja huiamsha mwenzake, na watoto wataelewa wenyewe kwamba furaha hii ilipitia mahali.

Mstari wa kuandika, ukitaka ushauri wangu, ni Zaburi 97:11. Ni mfupi, una nuru na furaha pamoja, na utakuwa jibu la yeyote atakayeuliza tena imeandikwa wapi.

Na mzee usishindane naye. Mweleze kwamba juu ya Giotto na juu ya mavazi ya Misa alikuwa na haki, kwa sababu kweli alikuwa nayo. Kisha mwombe asubuhi ya Pasaka, bango likiwa bado limekunjwa, awasomee watoto Marko 16 kwa sauti yake, polepole. Watoto wawili washike kamba. Akifika mwisho wa mstari wa pili, pale wanawake wanapofika kaburini "jua lilipoanza kuchomoza", waivute.